Kwetu mwaloni nimekataa kuchangia ramli. Tuongee wazi, hasa watu wa Kanda ya Ziwa

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu. Nimeuandika kwa kuwa humu wapo watu wa Sengerema, Buchosa, Magu, Misungwi, Ukerewe na Geita ambao wakati wowote watapigiwa hodi na kijana mwenye daftari, awaambie: kila kaya itoe, tunamleta mtaalamu.

Kwetu mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, daftari lilipita baada ya mtumbwi wa dagaa kupinduka usiku na vijana wetu kufa maji. Giza lile, yaani siku zisizo na mbalamwezi tunazovulia dagaa, lilikuwa baya tangu mwanzo. Watu waliingia ziwani wakarudi na ndoo za kuhesabu, hela ya mafuta haikurudi, matajiri, yaani wenye mitumbwi, wakaanza kudaiwa. Kisha ukaja msiba. Hata matanga hayajaanuliwa, maneno yakaanza kuzunguka: ziwa limefungwa kwa uchawi, na aliyelifunga tunaye hapa hapa. Aliyenyooshewa kidole ni bibi mjane anayeanika dagaa za watu kwa ujira. Macho yake mekundu, na huku watu huchukulia hiyo kuwa dalili ya uchawi. Watoto wake wako mbali. Ana kiwanja kizuri karibu na maji, na wapo waliomwomba awauzie akakataa. Habari ya kiwanja haikutajwa kikaoni hata mara moja, lakini kila aliyekaa pale alikuwa anaijua.

Likaletwa pendekezo kwamba kila kaya itoe elfu tano, aitwe mganga kutoka mbali apige ramli, aliyefunga ziwa ajulikane. Mwenyekiti wa kikao akauliza kama kuna mwenye neno. Nikanyoosha mkono. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani: "Wazee wangu, ndugu zangu. Rambirambi nitatoa zaidi ya nilivyopangiwa. Mafuta ya kumtafuta kijana ambaye hajaonekana nitatoa mimi. Ramli sitoi, leo wala kesho, na naomba katibu aandike jina langu kwamba nimekataa."

Naeleza kwa nini nilitaka liandikwe.

Hela ya mganga haikuwa shida. Tajiri mmoja wa pale mwaloni angeuza mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara akailipa yote bila kumsumbua mtu. Kwa nini basi kila kaya ilazimishwe kutoa, mpaka kibarua wa kubeba ndoo, mpaka mama asiye na hata kuku? Kwa sababu kinachonunuliwa pale ni vinywa vya watu. Mganga atamtaja mtu. Usiku watapita watu wenye mapanga. Asubuhi polisi watafika, na kila watakayemuuliza atakuwa alichangia. Mwenyekiti alitoa. Mwalimu alitoa. Mzee wa kanisa alitoa. Nani atasema? Ndiyo maana mauaji ya vikongwe huku kwetu yamekuwa magumu kupata mashahidi hata pale ambapo kijiji kizima kinajua nani alikodiwa na nani alimkodi. Ukishatoa elfu tano yako umeshaingia, na wenzako wanajua umeingia.

Mimi sikutaka kuingia. Na nilitaka mtu mwingine yeyote aliyekuwa anasitasita pale aone kuna nafasi moja nje ya daftari.

Sasa kuhusu ziwa kufungwa. Nimevua tangu ujana na sasa namiliki mtumbwi, nitasema ninachokijua. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka: nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, basi upepo wa pande zote za ziwa unakimbilia katikati na kukutana huko. Hewa yenye unyevunyevu inapanda, mawingu yanajijenga, dhoruba inapiga usiku wa manane kuelekea alfajiri. Mvuvi wa dagaa yuko kazini saa hizo hizo, maana dagaa hufuata taa na taa haina nguvu mbalamwezi ikiwaka. Anaingia gizani, mbali na nchi kavu, mara nyingi bila jaketi la kuokolea maisha, mtumbwi umejaa. Vijana wetu walikufa hivyo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilizama pale Ukara kikiwa kimekaribia gati ya Bwisya, wakafa watu 228. Kilikuwa kimebeba watu wengi kupita kiasi. Hakuna bibi aliyekizamisha.

Hata samaki wanaokutwa wanaelea wamekufa, watu wakasema ziwa limelogwa, wana sababu yao. Maji ya chini yana hewa kidogo. Upepo mkali ukiyapandisha juu, sangara ndiye wa kwanza kufa kwa kuwa anahitaji hewa nyingi. Kamongo hatetereki, yeye huja juu kuvuta pumzi.

Tangu kile kikao nimeonja nilichoambiwa ningekionja. Vijana wa mtumbwini kwangu walihama, wakaenda kwa tajiri mwingine. Mke wangu aliambiwa kwenye kikoba kwamba zamu yake ya kukopa imesogezwa. Kwenye mazishi yaliyofuata nilikwenda kuchimba kaburi kama wanaume wengine, hakuna aliyenipa jembe. Nikasubiri mmoja achoke, nikalichukua, nikachimba. Hakuna aliyenizuia.

Bibi yuko hai. Nitasema zaidi huko chini. Walioyapitia haya waseme walifanyaje.

Kigongo Feri

Mkuu, hongera kwa ujasiri, lakini usituzunguke. Uchawi upo. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nimesoma, nina kazi, na nimeona mambo ambayo upepo wa nchi kavu hauyaelezi. Ukisimama mbele ya watu waliozika watoto wao ukaanza somo la hali ya hewa, unawatukana. Wale wazazi walitaka jibu, wewe ukawapa jiografia.

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Kigongo, kikaoni sikusema neno moja kuhusu upepo. Hayo ya upepo nimeyaandika hapa, na kwa wazazi nimeyasema baadaye nikiwa nimekaa nao nyumbani kwao.

Wala sikusema uchawi haupo. Nusu ya watu waliokuja kuungana nami wanaamini upo, na mmoja wao ana hirizi kiunoni. Hoja yangu ni nyepesi kuliko hiyo. Tuseme upo. Ramli inakuhakikishiaje kwamba ni yule? Wewe na mimi tunajua wezi wapo, lakini kuku wangu akipotea sipati ruhusa ya kumkata jirani kwa sababu mgeni kutoka wilaya nyingine amemwaga maji kwenye kibuyu akaona sura yake. Mganga yule angeambiwa jina kabla hajashuka kwenye pikipiki. Wanaomleta ndio wanaomwambia.

Unaweza kuamini uchawi mpaka unaingia kaburini na bado ukakataa kuchangia ramli. Naomba watu wote wanaoamini wasome hapo mara mbili.

Binti Magu

Mleta mada, nimesoma nikiwa natetemeka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu kama huyo wa kwenu. Nawaambia yalikotoka, kwa sababu nilikaa naye jikoni. Kwetu miti ilikwisha zamani. Tulipikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya kijumba cha nyasi kisicho na dirisha. Moshi wake unauma kuliko wa kuni. Mwanamke aliyepika hivyo tangu bintini, akifika uzee macho yamekuwa damu. Wanaume hawaingii jikoni, kwa hiyo hawayapati, halafu wao ndio wanakaa kikao kuuliza kwa nini macho ya bibi ni mekundu.

Magu kuna shirika la wazee linaitwa MAPERECE, lilifanya kazi na HelpAge. Walihimiza majiko sanifu yanayopunguza moshi, wakawaelimisha sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijiji, wakatumia vikundi vya ngoma. Nasisitiza ngoma kwa sababu mwendesha semina kutoka mjini husikilizwa na watu wanaosubiri posho, lakini manju, yule kiongozi wa ngoma, akiimba uwanjani wakati wa mavuno, maneno yake yanabaki midomoni mwa vijana mwaka mzima.

Bibi alinusurika kwa sababu ya mjomba. Yeye hakusema kitu mkutanoni. Alihamishia kitanda chake kwa bibi, akawa analala kwenye mlango wa kijumba chake, na kila asubuhi alikuwa anapita kwa majirani wote kuwasalimia: mwangaluka, mwangaluka. Anawapitia mmoja mmoja, wamwone usoni, wajue bibi halali peke yake. Walimsema sana. Waliambiana kwamba bibi ameshamlisha uchawi. Aliendelea kusalimia.

Jembe la Pamba

Naona watu wanapongezana. Niulize swali la mtu maskini. Mleta mada una mtumbwi, una injini. Vijana wako wakihama utapata wengine, mwaloni vijana hawaishi. Mimi nabeba ndoo. Tajiri wangu ndiye aliyekuwa ameshika daftari. Nikikataa jioni, asubuhi sina kazi na usiku wanangu hawali. Kwa hiyo nilitoa. Kwetu, sio kwenu. Na bibi wa kwetu hayupo tena. Niambie ningefanya nini.

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)

Pole sana ndugu yangu. Sina neno la kukulaumu na asitokee mtu humu wa kukulaumu.

Ulichosema ni kweli, na ndiyo sababu wa kwanza kukataa lazima awe mtu ambaye hawezi kufukuzwa asubuhi. Tajiri wa mtumbwi, mwalimu, mwenye duka, mchungaji, imamu, katekista, muuguzi wa zahanati. Hao wakitoa, wamewafungia njia watu kama wewe. Hao wakikataa, kibarua anapata pa kujificha: anaweza kusema hana hela mpaka giza lijalo, anaweza kuwa amesafiri, na hakuna atakayemfuatilia kwa sababu macho yote yako kwa waliokataa hadharani. Kwetu hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilipokaa chini kulikuwa kimya, kisha akasimama mama lishe mmoja, mwanamke wa kujitegemea, akasema: "Na mimi sitoi. Yule mama amenianikia dagaa toka nafika hapa." Akakaa. Baada ya hapo hakuna aliyekataa kwa mdomo, lakini daftari lilipopita, watu wengi walianza kuwa hawana hela. Hela ikapelea. Mganga hakuletwa.

Ndugu, ya kwenu yameshatokea. Siku utakapokuwa umepata pa kusimama, unajua ulichokiona. Sitasema zaidi ya hapo hapa hadharani.

Mzee wa Filimbi

Vijana wangu, nimeonyeshwa uzi huu na mjukuu, naye ndiye anayeniandikia.

Nilikuwa sungusungu. Wenzetu wa Kahama na Nzega walitutangulia mwanzoni mwa miaka ya 1980, sisi tukafuata. Msilisahau lililotufanya tuanze: baada ya vita vya Kagera bunduki zilizagaa, ng'ombe waliibwa mchana kweupe, watu waliuawa kwa ajili ya baiskeli. Tulitoka na upinde na filimbi, wizi ukapungua, mtu akaweza kulala mlango wazi. Mwaka 1989 Serikali ikatutambua kwa sheria. Kazi ile naiheshimu mpaka leo.

Lakini nguvu yetu haikuwa mshale. Ilikuwa kumtenga mtu. Aliyetengwa haombi moto, hakopeshwi chumvi, ng'ombe wake hawachungwi pamoja na wa wenzake, akifiwa anachimba mwenyewe. Kwa mwizi ilifaa. Halafu nguvu hiyo hiyo ikaelekezwa kwa akina mama wazee, na mtu aliyesema "hapana, huyu sio mwizi" akatengwa naye. Hapo ndipo wengi wetu wenye akili tulinyamaza. Nakwambia mwanangu wa mwaloni, kuogopa mshale ni rahisi kuliko kuogopa kuzikwa peke yako.

Nikupe siri ya vikao. Uamuzi haufanyiki kikaoni. Unafanyika siku kadhaa kabla, chini ya mwembe, watu watatu au wanne wakinywa togwa. Kikao kinakuja kutangaza. Kwa hiyo anayetaka kuzuia jambo asingoje kikao. Aende kwa mzee mmoja mmoja, usiku, bila mashahidi, na asiende kumshinda kwa hoja. Ampe njia ya kutoka. Amwambie: "Baba, ukisema tuahirishe mpaka arobaini iishe, nani atakupinga?" Mzee ataahirisha kwa heshima ya marehemu. Baada ya arobaini hasira imepoa, na watu wameanza kukumbuka kwamba yule mama aliwahi kuwazalisha wake zao.

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Hilo la kuahirisha nimelichukua kama lilivyo.

Nansio Juu

Kwetu Ukerewe tuna ndugu wengi wenye ualbino, na miaka ile ya mauaji yao, 2007 hadi 2009, sisi wazazi tulionja aina nyingine ya shinikizo. Mnakumbuka Waziri Mkuu Pinda alivyolia bungeni mwanzoni mwa 2009, na kura za siri zilizopigwa Kanda ya Ziwa kutaja wanaoshukiwa. Wakati huo wavuvi walikuwa wanadanganywa kwamba kiungo cha mtu kikifungwa kwenye nyavu kinavuta samaki. Mimi mwanangu ana ualbino. Nilifuatwa na ukoo wangu mwenyewe, kwa upole kabisa, nimpeleke mbali "asituletee balaa", wengine wakisema nimfiche ndani, wengine wakisema nimwache kwa bibi yake nisijulikane kuwa ndiye mama. Wale hawakuwa wauaji. Walikuwa shangazi zangu.

Nilimpeleka shule mkono kwa mkono, kila asubuhi, katikati ya barabara. Nilimnunulia kofia pana kwa ajili ya jua. Wako waliopeleka watoto shule za bweni kama Mitindo pale Misungwi, siwalaumu, ilikuwa kuokoa maisha. Mimi nilitaka watu wa kijijini wamzoee hadi wachoke kumtazama. Sasa ni binti mkubwa, anasuka nywele za wale wale waliosema nimfiche.

Januari 2015 Serikali ilipotangaza kupiga marufuku wapiga ramli nilishukuru, lakini tangazo la Serikali halifiki kisiwani kwa miguu yake. Lazima awepo mtu wa kulisimamia.

Kigongo Feri

Nimerudi. Nimesoma ya Nansio na ya Jembe la Pamba. Nabaki na imani yangu, ila lile swali la nani anamwambia mganga jina limenikaa. Baba mdogo wangu alitajwa na mganga ambaye alijua mpaka idadi ya ng'ombe zake. Tulisema ni uwezo mkubwa. Ng'ombe zile baadaye zilikwenda kwa nani? Ngoja nisiendelee.

Mke wa Baharia

Nimesoma wote, nimesubiri mtu aliseme, hajatokea. Mleta mada umesema mkeo alisogezwa zamu ya kikoba, umepita haraka kama gari la magazeti. Mwanaume akikataa kikaoni anarudi nyumbani amenyoosha kifua. Kesho yake anayekwenda bombani ni mke. Ndoo yake inawekwa mwisho wa foleni. Mtoto akiugua hakuna wa kumshikia mwingine. Akitaka kuuza dagaa zake, wachuuzi wanazipita. Shinikizo la kijiji linampiga mwanamke kwanza, na yeye hakuulizwa.

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)

Dada, umesema kweli na ulistahili kuisema kwa ukali huo.

Mke wangu niliongea naye usiku wa kabla ya kikao. Sikumwomba ruhusa ya kuwa jasiri. Nilimwambia yatakayotukuta, tukahesabu pamoja tuna akiba ya kutufikisha wapi kama mtumbwi hautaingia ziwani. Yeye ndiye aliyesema nitoe rambirambi zaidi na mafuta ya kumtafuta yule kijana, wazo lile halikuwa langu. Alisema: "Wakikuona hutoi kitu watasema una ubahili, na bahili hasikilizwi. Toa kila kitu, ubakize hicho kimoja." Na kwenye kikoba hakujitoa. Anakwenda kila wiki, anaweka hisa zake, anakaa. Wameshamrudishia zamu. Dagaa zake bado zinapitwa na baadhi ya wachuuzi, hilo halijaisha.

Alichonifundisha ndicho ninachotaka kiwafikie watu wengi zaidi ya habari ya upepo na sheria. Kataa jambo moja tu. Mengine yote ya kijiji yafanye kuliko wengine: zika, changia harusi, safisha kisima, salimia. Ukikataa kwa kuhama, au kwa kuwaita watu washamba, umewapa sababu ya kusema hukuwa mwenzao tangu mwanzo, na bibi wa watu anabaki peke yake.

Jembe la Pamba

Mkuu, na sheria inasemaje? Kuna watu huku wanasema mganga ana kibali, kwa hiyo ukimkataa unapingana na Serikali.

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)

Hilo ni la kuwekwa sawa. Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na kuna baraza linalosajili waganga. Kibali hicho ni cha kutibu: mizizi, majani, kuunga mifupa. Simgusi mganga wa namna hiyo, mimi mwenyewe mguu uliteguka nikaungwa na mzee wa kijiji cha jirani. Ramli ya kutaja watu haimo kwenye tiba. Na Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu mkoloni mwaka 1928, haimpi mwanakijiji yeyote, wala sungusungu, mamlaka ya kumwadhibu mtu kwa tuhuma za uchawi. Anayekuonyesha kibali akitaka umtajie mchawi, anatumia karatasi ya dawa kufanya kazi isiyoandikwa humo.

Katoro Njia Panda

Wakuu, najiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Niko Geita. Mama yangu mdogo ametajwa. Bado haijasemwa wazi ila watoto wameacha kwenda kwake na jana amekuta mavi mlangoni. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Mimi ni fundi pikipiki, sina cheo. Mleta mada, yule bibi wa kwenu mlimfanyaje? Na mimi nianzie wapi? Leo ni Alhamisi.

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)

Ndugu wa Katoro, nakujibu kabla sijala.

Bibi wa kwetu tulimtoa siku ile ile ya kikao, jioni, mama lishe akampakia kwenye gari la dagaa linalokwenda mjini kama vile anasindikiza mzigo. Yuko kwa mwanawe. Sio haki, kwa sababu aliyeondoka ni asiye na kosa, na kiwanja chake kuna mtu ameshachomeka vijiti vya mipaka. Vijiti hivyo mimi na mzee mmoja tumeving'oa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na kumwomba aandike. Vikirudi tutaving'oa tena. Anataka kurejea mvua zikianza. Bado tunabishana kama ni salama.

Wewe usisubiri Jumapili. Usiku wa leo mama asilale peke yake, na asilale kwake kama una pengine pa kumpeleka. Kesho Ijumaa asubuhi nenda kwa mtendaji wa kijiji na barua, sio maneno. Andika jina la mama, umri, kwamba ametajwa kwa tuhuma za uchawi, kilichokutwa mlangoni, tarehe ya kikao na nani amekiitisha. Omba agonge muhuri kwenye nakala yako. Akikataa au ukiona naye yumo, usigombane, panda kata: mtendaji wa kata na polisi kata wapewe nakala, na kituo cha polisi uliza dawati la jinsia. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye apewe. Kikao kikijua barua ipo katika ofisi hizo, kila mtu pale atajiuliza kama jina lake limo, na hilo litapooza wengi kuliko hotuba.

Jumamosi fanya alivyosema Mzee wa Filimbi. Tafuta wazee wawili na kiongozi wa ibada yenu, mmoja mmoja. Waombe kuahirisha tu, usiwaombe kitu kingine. Zungumza na mkeo kama unaye. Tafuta mtu mmoja wa kusimama wa pili. Mwambie asijibu hoja, aseme tu kwamba naye hatoi, kisha akae.

Jumapili nenda ibadani mapema, kaa mbele. Pikipiki iwe na mafuta.